Dawa Zilizoitwa za Presha

Mume wangu ndiye aliyezibatiza. Siku mama yake alipofika kwetu Kabeza, karibu na uwanja wa ndege, na mkoba wake na mkungu wa ndizi, aliona kibahasha cha dawa juu ya friji akauliza ni za nani. Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu: "Za mke wangu, Mama. Ana presha kidogo." Alilisema hilo kwa wepesi wa mtu aliyelifanyia mazoezi bafuni. Mimi nilikuwa nakata mboga. Nilimtazama, yeye akatazama televisheni.

Presha sikuwa nayo. Nilikuwa na sonona, pamoja na wasiwasi uliopita kiasi. Muuguzi aliyenipokea aliiita agahinda gakabije, ambayo kwa Kinyarwanda ni huzuni iliyozidi. Nilipoelezwa maana yake nilicheka mbele yake. Iliyozidi nini? Kwani kuna huzuni inayoruhusiwa, kama kilo za mzigo wa ndege? Muuguzi hakucheka. Alinipa kibahasha, akanionyesha kidonge cha kumeza kila jioni baada ya kula, akaniambia nisiache hata nikijiona nimepona.

Sikuwa nimeujua ugonjwa huo mapema kwa sababu kazi yangu yenyewe ni kulipwa mshahara ili niwe na wasiwasi. Niko ofisi ya kutoa mizigo forodhani, bondeni kidogo ukishuka kutoka Kiyovu, na kutwa nzima nafuatilia malori yanayotoka Dar es Salaam. Lori limelala wapi, karatasi gani imekosewa, dereva mbona hapokei simu. Mtu wa kazi hii asipokuwa na wasiwasi anafukuzwa. Kwa hiyo moyo ulipoanza kunidunda hata siku ambazo malori yote yalikuwa yamefika, nilidhani ni bidii. Kisha nikawa naamka nimechoka, naoga kwa kujilazimisha, na nikiwa kwenye foleni ya duka kubwa natokwa jasho nikiamini nakufa hapo hapo na kikapu mkononi. Walinipima moyo, wakasema ni mzima. Ndipo nikatumwa mlango wa mwisho wa korido.

Mlango huo kila mtu anaujua. Wanaotibiwa macho hukaa upande huu, wa meno upande ule, na anayeupita huo wa meno bila kukata kona anaeleweka anakwenda wapi. Siku ya kwanza nilijifunga kitambaa hadi kwenye nyusi na kuvaa barakoa. Nilipofika nikakuta benchi zima limevaa barakoa. Nilikuwa nimejiandaa kuona watu wanaoongea peke yao. Nikaona dada mwenye sare ya benki, dereva wa pikipiki amepakata kofia yake ya chuma, na mzee mmoja aliyekunja gazeti vizuri kama mwalimu mstaafu. Ungeweza kuwahamisha wote ukawapanga kwenye foleni ya kulipia umeme, asitambuliwe hata mmoja.

Dawa zilinifaa, na sioni haya kulisema. Hazikuniletea furaha, wala sikuwa nimeiomba. Ila jioni moja nilijikuta nasikiliza wimbo wa binti yetu wa miaka minne, wimbo mrefu usio na mwisho kuhusu mbuzi, nikagundua kwamba miezi mingi nilikuwa nauona mdomo wake ukichezacheza bila kusikia neno. Nililia juu ya bakuli lake la uji. Akaniuliza kama uji ni wa moto.

Hebu niseme kwa nini nilimwacha mume wangu adanganye. Mama mkwe wangu ni Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na kwa sababu hiyo Kiswahili ni lugha yetu sote wawili, yeye na chake cha Burundi, mimi na changu cha Mwanza. Tunapendana. Yeye huniita mukazana, mkamwana, na mimi humwita Mama bila kujilazimisha. Lakini niliwahi kukaa jikoni na wanawake wa ukoo wao kwenye sherehe, tukimenya viazi, wakazungumzia mke mmoja wa huko kwao aliyeugua kichwa, yaani akili. Watoto wake waligawiwa kwa mashangazi. Yeye mwenyewe alirudishwa kwa wazazi wake na sanduku moja. Mama alikuwa amekaa hapo, akaendelea kumenya na kusema, "Mutoto hakosi mahali ya kukomalia," yaani pa kukulia. Sijui kama alikuwa anamhurumia yule mama au anaunga mkono. Nilimeza neno hilo nikakaa nalo. Mimi mgeni katika nchi hii, ndugu zangu wako ng'ambo ya mpaka. Sanduku ninalo.

Na mtoto, Mama alikuwa anamtaka tayari. Kwao si jambo la ajabu, mjukuu wa kwanza kwenda kulelewa na bibi. Tangu afike alikuwa analileta neno hilo kila tukila. "Huku Kabeza iko makelele ya ndege," alisema. "Kule kwangu Bugesera iko shule ya watoto karibu na kanisa. Nitaenda naye, mukapumua." Mume wangu akajibu kwamba tutaona. Katika ukoo wao tutaona maana yake ni ndiyo iliyovaa koti. Kwa hiyo nilijiambia: akijua tu kwamba mama wa mtoto anatibiwa mlango wa mwisho, hatauliza tena, atafunga nguo za mtoto na kuondoka naye.

Ndipo vidonge vikaanza kupungua.

Tarehe yangu ya kurudi kliniki ilikuwa bado mbali, na kibahasha kilikuwa chepesi. Nilivimimina vidonge mezani nikavihesabu, nikavirudisha, nikavimimina tena. Hofu iliyonipata hapo sijawahi kuipata kwa lori lolote. Nilijua maana yake: nameza mara mbili. Nameza, nasahau, naenda kumeza tena. Yaani akili yangu inaondoka na hata hainiagi. Nilianza kujichunga. Nikimeza, nageuza kikombe juu chini pale kwenye sinki ili nijue. Kesho yake nakuta kikombe kimesimama, kwa sababu kuna mtu amekinywea chai, na moyo unaanza mbio upya. Kazini nilimuuliza mwenzangu wa meza ya jirani kama huwa narudia maneno. Akasema, "Hilo umeniuliza asubuhi." Alikuwa ananitania. Nilikwenda chooni nikakaa huko hadi miguu ikafa ganzi.

Mume wangu nilimwambia. Alinishika bega, akasema kwa huruma kubwa, "Si ndiyo ugonjwa wenyewe huo? Utakuwa umesahau." Nilitamani kumrushia sufuria. Huruma ya namna hiyo inakumaliza kuliko tusi, maana huna pa kuijibia.

Sasa nikafanya hesabu ya woga. Kurudi kliniki kabla ya tarehe na kusema dawa zimeisha ni kukiri mwenyewe kwamba nimechanganyikiwa. Afadhali nivibanie vidonge vilivyobaki, nimeze leo, kesho niruke. Anayezijua dawa hizi anajua kilichofuata. Kichwa kikawa chepesi, usingizi ukakatika, na hasira ikawa iko karibu sana na ngozi. Nyumbani aliyekuwa na raha ni Mama peke yake. Mwanamke ambaye alikuwa akiamka gizani kuwahi misa sasa alikuwa analala hadi jua linaingia dirishani, na anakoroma. Nilimwonea wivu. Nikawaza kwamba hewa ya Kabeza, pamoja na ndege zake, imempenda.

Asubuhi moja mtoto akamwaga uji juu ya gauni la shule. Nilimpigia kelele. Si kelele za kawaida za mama aliyechelewa, bali sauti ambayo hata mimi sikuijua, na mtoto hakulia, alinitazama mikono. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kama mtu wa kizunguzungu. Hakunikaripia. Alimchukua mtoto, akamvua gauni, akasema taratibu, "Mukazana, weye unachoka sana. Tukimaliza wiki hii, naenda naye." Safari hii halikuwa ombi. Mume wangu alikuwa safarini Musanze kikazi. Nilimpigia simu, akasema, "Labda ni vizuri kwa muda." Nilikata bila kumuaga.

Jumapili iliyofuata Mama alianguka. Nilikuwa namfunga mtoto viatu vya kanisani niliposikia kishindo chumbani kwake. Nilimkuta chini kati ya kitanda na mlango, kitenge cha misa nusu kimefungwa, macho yako wazi lakini hayanioni. Nilimwita, akaitika kutoka mbali. Jirani alinisaidia kumwingiza kwenye teksi na akabaki na mtoto. Njia nzima nilishika mkono wa Mama nikimwomba Mungu, na katikati ya maombi hayo, nasema kweli, kipande kimoja cha akili yangu kilikuwa kinawaza kwamba sasa wiki haitaisha na mtoto hataondoka. Nilijichukia, nikaendelea kuomba.

Muuguzi wa dharura alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha shule. Alimpima amelala, akamkalisha, akampima tena, akakunja uso. Akasema akilala presha iko juu na akiinuka inaporomoka, na jambo hilo hupenda kutokea kwa mtu anayechanganya dawa. "Bibi anatumia dawa gani?"

"Ya presha," Mama akasema. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa kijikaratasi kilichokunjwa. "Zangu ziliisha. Kule kwangu Bugesera ndiko nakamatia dawa na mituweli yangu, ile bima ya afya; kwenda, kupanga mustari na kurudi ni siku nzima. Rakini mukazana wangu naye iko na presha, nikawa namega zake. Dawa ya presha si ni moja?"

Alivimimina kwenye kiganja cha muuguzi. Vilikuwa vidonge vyangu.

Nawaeleza wasioishi huku: kwenye vituo vingi dawa haitolewi ndani ya boksi lenye jina. Hutolewa vidonge vitupu kwenye kibahasha, na juu yake mistari ya kalamu ya asubuhi, mchana na jioni. Na katika nyumba zetu dawa ya mmoja ni ya wote. Mwenye malaria humgawia mwenye malaria, mwenye mgongo humpa mwenye mgongo, na hakuna anayeona kwamba ameiba. Mama hakunificha kitu. Aliona aibu tu kuomba kila siku, kama ambavyo usingeomba kila siku chumvi kwa mtu unayekaa naye.

Kwa hiyo sikuwa nimemeza mara mbili. Akili yangu ilikuwa mahali pake. Furaha ilinijia kama tone moja, kisha muuguzi akanigeukia. "Hii ni dawa gani ya presha? Siitambui vizuri. Nikijua, najua cha kumpa."

Nilimwelewa. Ningeweza kumvuta pembeni, koridoni, nikamnong'oneza. Niliwaza hivyo. Lakini Mama alikuwa amenishika kiganja, hakutaka kukiachia, na kila nilipojaribu kusogea alikaza. Nilimwona mwanangu na mfuko wake wa nguo. Niliona sanduku langu.

"Si za presha," nikasema. "Ni za sonona. Natibiwa hapa hapa, mlango wa mwisho." Na kwa kuwa neno sonona huenda Mama asilijue, nililirudia kwa Kinyarwanda changu kibovu, agahinda gakabije, ili nisiwe na pa kurudi.

Kiganja kikaachia. Mama aligeuza uso upande wa ukuta, akabaki hivyo wakati wote wa dripu.

Walimlaza siku hiyo, wakampatia dawa zake za kweli, wakamruhusu kesho yake. Mume wangu alirudi mbio kutoka Musanze. Tuligombana jikoni kwa sauti ya chini, jinsi wanavyogombana watu wenye mgeni.

"Nilitaka kukulinda," akasema.

"Ulijilinda wewe. Ulitaka mke asiye na maneno."

"Na wewe si ulinyamaza?"

"Nilinyamaza kwa sababu ya mtoto! Nyie mnachukua watoto!"

Alinitazama kama vile nimemzaba kofi. Sikuomba radhi. Nilikuwa na hofu kuliko hasira, na hofu yangu ilikuwa chumbani kwa Mama, ambako tulisikia zipu ya mkoba ikifungwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Mama alisalimia, alikula, alimsuka mtoto nywele, na hakutaja lolote. Mimi kila nikitoka kazini nafungua kwanza kabati la mtoto. Nguo zipo. Naangalia viatu. Vipo. Nikimkuta anaongea na simu kwa Kirundi, nasimama nje ya mlango na chakula mkononi nikitafuta kusikia neno umusazi, mwendawazimu. Sikulisikia, na kutolisikia hakukunisaidia. Usiku Mama alikuwa halali. Kukoroma kuliisha; nikipita asubuhi namkuta amekaa kitandani, rozari mkononi, macho mekundu.

Siku ya kliniki yangu niliamka mapema nijifunge kitambaa changu hadi nyusi. Mama alikuwa sebuleni amevaa, mkoba wa mkononi magotini. Mtoto alikuwa pembeni yake, amevaa viatu.

"Mnaenda wapi?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mutoto anaenda shule na baba yake," akasema. "Mimi naenda na weye."

Sikujua kama anakuja kuniombea, kunichunguza, au kumwambia daktari amwandikie kwamba mkwe wake hafai. Tulipanda teksi. Tulipofika koridoni nilitarajia akae kwenye benchi la meno anisubiri. Hakukaa. Alipita macho, akapita meno, akafika kwenye benchi letu la barakoa, na kwa sauti yake ya sokoni akasalimia kila mtu, mmoja mmoja, akiwapa mkono. Watu walitazama sakafu, kisha wakaitikia, maana mtu mzima akikupa mkono utafanyaje? "Nani wa mwisho hapa?" akauliza. Dereva mmoja wa pikipiki akainua kidole. Mama akakaa nyuma yake na kunivutia kando yake. Niliona aibu hadi masikioni.

Tulikaa muda mrefu. Kisha akaanza kusema bila kunitazama, taratibu, na kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

"Zile dawa zako zilinilaza."

"Najua, Mama. Ndizo zilizokuangusha."

"Ziliniangusha, rakini zilinilaza. Tangu mzee wangu amekufa, mimi nalala nimekaa. Nilisema ni uzee. Nikasema ni maombi, Mungu ananiamusha nisali. Nikaja kwenu, nikanywa presha yako, nikalala kama mutoto. Nikajua kumbe si Mungu."

Mlango ulifunguka, dada mmoja akatoka akifuta macho, dereva akaingia.

"Mama," nikasema, kwa sababu nisingeweza kungoja tena, "mtoto unamchukua lini?"

Sasa alinigeukia. "Weye ulifikiri nilimutaka juu ya nini?"

"Uliniona siwezi kumlea. Siku ile ya uji."

"Kumulea unaweza. Kila mama anapiga kelele ya uji." Alishika pindo la kitenge, akalikunja, akalikunjua. "Kule kwangu usiku nyumba iko kubwa sana, mukazana. Naogopa. Mutoto akilala pembeni, nitasikia mutu anapumua. Ni hiyo tu. Sikuwa na namna ya kuisema kwa kijana wangu."

Nilijaa hasira. Majuma yote yale nimekuwa nafungua kabati, na yeye alikuwa anaogopa giza! Kisha hasira ikageuka, nikaanza kulia ndani ya barakoa, ikalowana, nikaivua. Nilishika mkono wake na yeye akanipapasa mgongoni kwa nguvu, jinsi wanavyomcheulisha mtoto mchanga.

Mlango ukafunguka tena. Dereva alitoka, na muuguzi, yule yule asiyecheka, akachungulia. Aliniona mimi uso wazi, akamwona bibi amenishikilia.

"Aingie mgonjwa peke yake," akasema. "Ndugu asubiri nje. Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Mama aliinuka, akauegemea ukuta mpaka kichwa kikatulia.

"Tuko wawili," akasema. "Anza na huyu, yeye anazoea. Mimi bado ninatafuta maneno."